Jina la Babu Lina Kazi

Muulize mtoto aliyelelewa vyema katika boma la Kisomali huko Garissa jina lake. Atakutajia lake, la baba, la babu, la baba wa babu, hadi majina kumi na zaidi. Elimu hiyo huitwa abtirsi, nayo hukaa kichwani. Je, msomaji mpenzi, wanao hapa mjini wanajua majina mangapi?

Hili si jambo la kujifurahisha tu. Mnamo Novemba 1989, serikali iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wapigwe msasa, na waliopita wakapewa kadi za rangi ya waridi. Kwa miaka mingi baadaye, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyetaka kitambulisho alisimama mbele ya kamati akaulizwa babu yake ni nani na aliishi wapi. Rais William Ruto aliagiza Februari 2025 kwamba msasa huo wa ziada ukome. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini mlango ukifunguliwa hatutupi ufunguo.

Utaanzia wapi? Anza na wazee. Usiwaulize babu alizaliwa mwaka gani, kwani wafugaji waliitambua miaka kwa ukame, maradhi na vita. Uliza kama alikuwa anachunga mbuzi au ngamia Waingereza walipowapa Waitalia Jubaland mwaka 1925. Uliza kama alikuwa ameoa vita vya Shifta vilipoanza mwaka 1963. Mwaka wenyewe utajitokeza.

Kisha nenda Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Humo mna ripoti ambazo madisii wa kikoloni waliandika kila mwaka kuhusu NFD, eneo lililofungwa tangu 1926 hata ikawa haliingiliki bila kibali. Waliandika juu ya visima, malisho, mifugo na machifu. Mchungaji wa kawaida huenda asitajwe, ila kisima alichonyweshea mifugo wake kitatajwa.

Jihadhari na majina. Karani aliandika alivyosikia, hivyo Mohamed, Mahamed na Maxamed huenda akawa mtu yule yule. Tena wengi walijulikana kwa lakabu: Dheere ni mrefu, Madoobe ni mweusi. Ukilikosa jina, tafuta lakabu.

Jambo la mwisho. Abtirsi hupitia kwa baba peke yake. Nyanya aliyejenga aqal, ile nyumba ya mikeka, akaibomoa na kuipakia juu ya ngamia kila walipohama, hamo kabisa. Ukoo ulimtegemea yeye ili upate pa kulala.

Basi nunua daftari. Ukurasa wa kulia andika akina baba, wa kushoto akina mama. Fanya hivyo juma hili, maana karatasi za Nairobi zitangoja, lakini wazee hawatungoji.