Kisu Kipya Kilichovikwa Kutu

Twawaonya vijana wapendao vitu vya kale: wako wauzao visu vipya wakidai ni vya Vita Kuu ya Pili. Chukueni kisu cha makomando wa Uingereza, kilichoanza kutengenezwa na kiwanda cha Wilkinson Sword mwaka 1941. Vile vya kwanza vilikuwa na kikingio cha mkono kilichopinda mfano wa S. Mpini wenye mistari ya pete ulikuja baadaye, na umeendelea kutengenezwa hata baada ya vita kwisha mwaka 1945. Basi mkiuziwa mpini wa pete kwa jina la 1941, kataeni. Kutu nayo isiwahadae, kwani tindikali huileta upesi. Kuuza kipya si kosa. Kukiita cha kale ni ghushi. Mtakeni muuzaji auandike mwaka katika stakabadhi. Akisita, zuieni fedha zenu.