Mtunzi alipwe, lakini mtu asifungwe mdomo

Mu Kasungami, ukitafuta nyimbo mpya hauendi ku duka la sahani. Unaenda kwa kijana mwenye komputa kando ya barabara, unamupatia simu ao fleshi yako, na kwa makuta kidogo anakujazia kila kitu: rumba ya Kinshasa, nyimbo za kanisa, bongo fleva ya Tanzania, hata za vijana wa hapa hapa Lubumbashi. Mwenye kuimba haoni kitu. Njo maana kila mara wanamuziki wanapokutana na wakubwa wa serkali, kilio ni kimoja: pirataji inatuua, sheria ikaze.

Wana haki ya kulia. Shida ni kwamba sheria ya namna hii ni upanga unaokata kuwili. Mbele ya kuomba ikaze, inafaa tuulize: ikaze ku kulipa, ao ikaze ku kukataza? Vitu hivi viwili watu wanavichanganya kila siku, na mwenye kufaidika na ule mchanganyo si mwanamuziki.

Katiba yetu ya 2006 inaviweka pamoja mu kifungu kimoja, namba 46. Kinasema kila Mkongomani ana uhuru wa kubuni mambo ya akili na ya sanaa, kisha kinasema haki za mtunzi, ile wengi tunaita tu "droits d'auteur", zinalindwa na sheria. Kifungu cha 23 kinaongeza uhuru wa kila mtu kutoa mawazo yake. Sheria yenyewe ya watunzi ni ya zamani zaidi: namba 86-033, ya tarehe 5 Aprili 1986, wakati wa Mobutu. Inamupatia mtunzi haki mbili. Ya kwanza ni ya feza: mtu akitumia kazi yake mbele ya watu, alipe, na haki hiyo inabakia kwa watoto wake miaka 50 baada ya kifo chake. Ya pili ni ya heshima: jina lake litajwe, na kazi yake isiharibiwe.

Kwa haki ya feza, namna ya kufanya inajulikana. Mtunzi mmoja hawezi kuzunguka nganda zote za Lubumbashi akiomba makuta. Kunakuwa shirika moja linalolipisha radio, televizyo, hoteli na nganda, kisha linagawanya. Kwetu ilikuwa SONECA toka 1969, na toka 2011 ni SOCODA. Lakini ili kugawanya kwa haki, inafaa kujua ni nyimbo gani imepigwa, wapi, mara ngapi. Bila liste, feza haina njia ya kufika kwa mwimbaji wa Kasungami hata kama imelipwa. Itafuata majina makubwa. Na sisi watu wa radio za jamii tuko ndani ya hii maneno: radio inayopiga nyimbo toka asubuhi mpaka usiku bila kuandika jina la mtunzi haina mdomo wa kulaumu kijana wa fleshi.

Historia ya Katanga inaonyesha vile hii haki ya feza inaweza kupotea. Mu 1952, Hugh Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na kurekodi kijana wa Bunkeya mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco. Nyimbo yake "Masanga" ilitoka ku sahani ya kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini, ikazunguka dunia. Mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vya Mzee Mwenda, noti kwa noti. Alikufa mu 1990, kwa ajali ya gari mu Zambia. Kwa sheria yetu, haki zake ni za jamaa yake mpaka mwisho wa 2040. Lakini sahani ilitengenezwa mbali na huku, na mtoto wa Katanga anayetaka kufuata makuta ya sahani ya wakati ule, safari yake inaanzia Johannesburg.

Kampuni hiyo hiyo ya Gallo njo ilirekodi, mu 1939, "Mbube" ya Solomon Linda, Mzulu. Tunajua vile iliisha. Linda aliacha haki zake kwa shilingi 10, alikufa maskini mu 1962, na muziki wake ukawa nyimbo ya dunia nzima, mpaka ndani ya filme "The Lion King". Watoto wake walimushtaki Disney mu 2004, na mu 2006 kukawa mapatano ya kulipa. Tuangalie vizuri walichoomba. Hawakuomba dunia iache kuimba. Waliomba jina la baba litajwe na feza ifike nyumbani. Naona pale njo kuna haki ya mtunzi yenyewe: kulipwa na kutajwa.

Sasa tugeuke upande mwingine, kwa wachoraji. Mwenye kukumbuka Lubumbashi ya miaka ya 1970 anakumbuka picha zilizotundikwa mu salon za wafanyakazi wa Gécamines: Mamba Muntu, Kolonie Belge, Lumumba. Zilichorwa ku mifuko ya unga, na watu walizinunua ili ziwe ukumbusho, zianzishe mazungumuzo nyumbani. Nani alikuwa mwenye Mamba Muntu? Hakuna. Mchoraji mmoja alichukua toka kwa mwingine, akabadilisha nyoka, akaongeza saa ku mkono, akatia sahihi yake. Kolonie Belge vilevile: askari, fimbo, mtu amelala chini, wafungwa na wanawake wanaangalia. Kila mmoja alikuwa na yake. Kama mtu mmoja angeenda mbele ya tribunali kusema "hii ni yangu peke yangu", Lubumbashi isingekuwa na ile shule ya uchoraji ambayo leo inatafutwa ku museo za Ulaya.

Wa kujulikana kuliko wote, Tshibumba Kanda Matulu, alienda mbali zaidi. Mu 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi, picha zaidi ya mia moja, akimweleza Johannes Fabian, mwalimu Mjermani wa université ya Lubumbashi, kila picha kwa Kiswahili chetu cha hapa. Mu picha hizo kuna Lumumba amefungwa mikono. Ile sura dunia yote ilipata kuijua mu Desemba 1960, kwa picha na filme za watu wa magazeti ya kigeni, ambao wana haki juu ya kazi yao. Tshibumba hakuwaomba ruhusa. Angeomba kwa nani? Alichukua kitu kilichokuwa mali ya wengine mu makaratasi, na akasema nacho neno lake juu ya kifo kilichotokea hapa karibu, tarehe 17 Januari 1961. Miaka 30 nyuma yake, Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, amefanya vilevile kwa namna ingine: amekata wafanyakazi wa picha za zamani za wakati wa wakoloni, akawaweka mbele ya mashine za Gécamines zilizoanguka. Bila uhuru wa kushika picha za zamani, kazi ile haiwezekani, na wale wazee waliochimba shaba bila majina wangebakia ndani ya masanduku ya kampuni.

Mtu atasema: mchoraji wa mifuko ya unga hakuna mwenye atamushtaki, ni maskini. Ni kweli, umaskini wetu umetulinda mpaka sasa. Lakini kazi za vijana wetu haziko tena ku ukuta wa salon. Ziko ku YouTube na Facebook, na kule mashine inasikiliza kila sauti. Mtu akishtaki kwamba video ni yake, kampuni inaitoa kwanza, maulizo yanafuata. Inatoka ku sheria ya Marekani ya 1998, lakini inafanya kazi mpaka Kasungami. Ku YouTube, mashtaka matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli yote.

Na hapa kuna fundisho toka ngambo ya ziwa, ambalo wakaaji wa Kalemie, Uvira na Lubumbashi wanafaa kulisikia. Mu Desemba 2021, Twitter ilitangaza kwamba imefuta akonti 268 za Tanzania. Kazi yao ilikuwa kupeleka mashtaka ya uongo juu ya watu wa FichuaTanzania, kundi la kutetea haki za binadamu, na waliowaunga mkono. Mbinu ilikuwa rahisi, karibu ya kuchekesha. Mtu wa upinzani anaandika neno lake leo. Wao wanalikopi, wanaliweka ku ukurasa waliotengeneza, wanaandika tarehe ya zamani, kisha wanaenda kwa Twitter na kulia: huyu ameiba maandishi yetu! Neno linafutwa, akonti inafungwa. Hakuna polisi aliyetumwa, hakuna gazeti lililochomwa. Haki ya mtunzi, ile ile tunayoiomba kwa ajili ya wanamuziki maskini, iligeuzwa kitambaa cha kuziba mdomo.

Kwetu Congo bado hawajahitaji kuzunguka hivyo, juu kuna njia fupi. Toka 1996 kuna Komisyo ya inchi ya sensire kwa nyimbo na michezo, na nyimbo inafaa ipite kwao mbele ya kupigwa. Mu Novemba 2021 walikataza "Nini tosali te" ya kundi la MPR, vijana wa Kinshasa ambao jina lao lenyewe linakumbusha chama cha Mobutu, pamoja na "Lettre à Ya Tshitshi" ya Bob Elvis. Zote mbili zilikuwa zinalaumu namna inchi inaongozwa. Watu walikasirika, na ndani ya siku chache serkali iliondoa katazo juu ya nyimbo ya MPR. Lakini angalia: makelele yalikuwa makubwa kwa sababu kila mtu aliona ni Leta inakataza. Kama ile nyimbo ingepotea kimyakimya ku intaneti kwa sababu mtu fulani asiyejulikana ameshtaki kwamba beat ni yake, nani angeandamana?

Njo maana nasema mwenye kuomba sheria ikaze, aseme wazi ikaze wapi. Nganda inayouza bia kwa nyimbo za mtu, ilipe. Kampuni ya simu inayouza nyimbo kama mlio wa kuita, ilipe, na ionyeshe hesabu. Kuna hata pahali ambapo kulipa peke yake hakutoshi, na ruhusa inahitajika: wakati wa kampeni, mkubwa anachukua nyimbo inayopendwa, anabadilisha maneno, anatia jina lake. Pale mtunzi amewekwa mu chama bila kuulizwa, na haki yake ya heshima inamupa nguvu ya kusema hapana. (Wanakwaya wanaochukua muziki wa dunia na kuutilia maneno ya Mungu, hiyo kesi tuiachie wachungaji.) Lakini mwandishi wa habari anayepigisha sekunde chache za nyimbo ili kueleza ni kwa nini imekatazwa, mchekeshaji anayeiga sauti ya mkubwa, mchoraji anayechukua picha ya gazeti na kuitilia neno lake, hao wasitumwe kuomba ruhusa kwa wale wanaowalaumu. Mkataba wa Berne, ambao Congo iko ndani, unasema wazi kwamba kutaja kipande cha kazi ya mwingine kunaruhusiwa, kama kipimo ni cha haki na jina la mwenye kazi limetajwa.

Kwa kijana anayetengeneza nyimbo mu chumba chake hapa Kasungami, kuna vitu vidogo vya kufanya kuanzia leo. Usifute rekodi ya kwanza, ile yenye tarehe yake. Njo shahidi wako siku mtu atakuja kusema umeiba. Mkiwa wawili watatu mu nyimbo, andikeni ku karatasi nani alitunga maneno, nani alitengeneza beat, kila mmoja atie sahihi, mbele ya feza kufika, si nyuma yake. Video yako ikitolewa kwa uongo, usinyamaze: kuna pahali pa kujibu, unaeleza kazi ni yako, na mwenye kushtaki asipoenda mbele ya tribunali, video inarudishwa. Lakini ukijibu hivyo, jina na anwani yako ya kweli vinapelekwa kwa mwenye kushtaki. Kwa mwenye kuimba mapendo si kitu. Kwa mwenye kuimba juu ya kilometa za mining na mapori yaliyouzwa, inafaa afikiri kwanza, na aongee na mtu wa sheria.

Inabakia neno la Tshibumba. Picha zake alizomuelezea Fabian ziko Amsterdam, na mazungumuzo yao yametiwa ku intaneti, kila mtu anaweza kusoma. Hilo ni jambo zuri: mtoto wa Lubumbashi mwenye simu anaweza kumusikia mzee wake akieleza inchi kwa lugha ya nyumbani. Lakini Tshibumba alipotea mwanzo wa miaka ya 1980 na hakuna aliyejua alikofia. Sheria yetu inahesabu miaka 50 toka kifo cha mtunzi. Kwa mtu asiye na kaburi inahesabiwa toka siku gani, na siku picha yake itauzwa ku kitabu ao ku shati huko Ulaya, nani wa Lubumbashi ataitwa kwa jina lake?