Likizo Ipangwe, Nchi Ionekane

Kila mwaka, skuli zinapofungwa mwezi wa Juni, na tena Disemba mwaka unapokaribia kwisha, jambo moja hurudia katika afisi zetu. Mfanyakazi aliyeingoja likizo yake miezi kumi na moja huitwa siku ya Alkhamisi, akapewa barua, akaambiwa kuwa likizo inaanza Jumatatu. Akiba hana, tiketi hana, na watoto hawajatayarishwa. Siku mbili hupita katika kutafuta nauli. Wiki nzima hupita Dar es Salaam kwa jamaa, baina ya Kariakoo na wodi alikolazwa mgonjwa wa ukoo. Siku zilizobaki humalizikia barazani. Kisha hurejea kazini amechoka kuliko alivyotoka, na akiulizwa Bara kukoje, hujibu kuwa kuna joto na foleni za magari.

Hayo si majibu ya mtu aliyeiona nchi yake. Tanzania ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 945,000. Unguja haifiki kilomita za mraba 1,700, na Pemba haifiki 1,000. Hifadhi ya Serengeti peke yake, yenye kilomita za mraba 14,763, inavizidi visiwa hivi viwili kwa pamoja zaidi ya mara tano. Katika nchi hii umo mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, wenye mita 5,895, na limo Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani. Upo ukame wa Dodoma na zipo mvua za Tukuyu. Upo mnazi wa pwani, na ipo theluji kileleni. Raia wa Makunduchi au Micheweni anayefika kwenye lango la hifadhi hutozwa ada ya raia, ambayo ni ndogo mno kulinganishwa na ile ya mgeni wa nje. Mlango uko wazi. Tunaokosa kuingia ni sisi wenyewe.

Mwezi wa Aprili 2022 ilizinduliwa huko New York filamu ya Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, alionekana akiutembeza ulimwengu katika vivutio vya nchi yetu. Wageni waliitika. Lakini mgeni huyo hupanga safari yake miezi mingi kabla. Huijua tarehe ya kuondoka, huijua hali ya hewa ya mahali aendapo, na hujua atalala wapi kila usiku. Sisi wenye nchi hutoka kwa kubahatisha. Ni maoni yetu kwamba kasoro hii ina pande mbili, upande wa msafiri na upande wa afisi inayompa likizo, na pande zote mbili hazina budi kuambiwa ukweli.

Tuanze na msafiri. La kwanza, akubali kuwa nchi hii haizuriki yote kwa likizo moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600. Hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Na reli ya zamani hadi Kigoma ni zaidi ya 1,200. Anayetaka Kilimanjaro Jumatatu, Ngorongoro Jumatano na Kigoma Ijumaa, ataviona viti vya basi tu. Yafaa achague njia moja kwa likizo moja: ya kaskazini, ya kusini, au ya kati. Nyingine azibakishe kwa miaka ijayo.

La pili, majira. Miezi ya kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, ndiyo mizuri kwa kuona wanyama, kwa sababu majani hupungua na wanyama hukusanyika penye maji. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, barabara nyingi za udongo huharibika. Aliyepewa likizo ya Disemba ajue kuwa nyanda za juu kusini tayari zimo katika mvua, na pengine itamfaa zaidi kwenda Lushoto, Moshi na Arusha. Anayetaka kuwaona nyumbu wa Serengeti wakizaa aende mwezi wa Februari katika mbuga za kusini. Anayetaka kuwaona wakivuka Mto Mara aende kaskazini baina ya Julai na Septemba. Mnyama hafuati kalenda ya afisi.

La tatu, gharama. Huko kaskazini mzigo mkubwa kwa raia si ada ya lango bali ni gari. Familia mbili au tatu zikiungana na kukodi gari moja la watu saba, gharama iliyomshinda mmoja huwa nyepesi. Kuupanda Mlima Kilimanjaro ni kazi ya siku tano au zaidi, kwa waongozaji, maandalizi na fedha nyingi. Lakini kuutazama kutoka Moshi au Marangu asubuhi na mapema, kabla ya mawingu kuufunika, hakuhitaji zaidi ya nauli ya basi na kitanda cha kulala.

Natutoe mfano wa njia ya kusini, ambayo watu wa visiwani hawaijui sana, na ambayo kwa siku kumi yaweza kufuatwa bila ya gari la kukodi kila siku. Msafiri wa Unguja huondoka kwa boti ya asubuhi na kufika Dar es Salaam baada ya saa mbili hivi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme humfikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, hivyo jioni hiyo hiyo anaweza kulala chini ya milima ya Uluguru. Kesho yake hupanda basi la Mikumi. Barabara kuu hupita katikati ya hifadhi, na si ajabu twiga na tembo wakaonekana kutoka dirishani. Lakini yafaa atenge siku moja aingie ndani.

Kutoka hapo basi huupanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa. Huko Kalenga, nje kidogo ya mji, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898 akikataa kutekwa na Wajerumani. Fuvu hilo lilipelekwa Ujerumani, likarejeshwa mwaka 1954. Karibu na mji huo huo iko Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Kutoka Iringa msafiri huendelea hadi Mbeya na Tukuyu, penye migomba, chai na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira. Akiwa na siku mbili zaidi, hushuka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Usiku mmoja Morogoro, miwili Mikumi, mitatu Iringa, mitatu Mbeya na Tukuyu, na mmoja njiani wakati wa kurudi: siku kumi zimetimia. Msafiri wa Pemba aongeze siku moja ya bahari kwenda na moja kurudi.

Njia ya kati nayo ina haki yake ya pekee kwetu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Wazee wa visiwa hivi waliikanyaga njia hiyo kwa miguu, miezi kwa miezi. Nyumba ya Tippu Tip, aliyeipita mara nyingi, ingali imesimama Mji Mkongwe. Njia hiyo ilipitisha vitambaa na pembe. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Mtoto wa skuli anayesoma habari za soko la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, amesoma nusu ya habari. Nusu nyingine iko Tabora na Ujiji. Akifika huko atasikia Kiswahili chake kikizungumzwa kwa lafudhi nyingine, na atafahamu kwa macho yake jinsi lugha ya pwani ilivyosafiri, na kwa gharama gani.

La nne ni usalama. Mwezi wa Juni na Julai ni miezi ya kusi, na bahari huchafuka. Hatujasahau kuwa meli ya MV Skagit ilizama Julai 18, 2012, ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Chombo kilichojaa kupita kiasi kisipandwe, hata kama tiketi imeshalipiwa; na nahodha akisema leo haendi, ashukuriwe, asitukanwe. Kwa hiyo anayepanga safari aache siku moja ya akiba mwanzo na mwisho, ili hali ya bahari isimlazimishe kuihatarisha familia yake. Aidha, mtu wa pwani asiidharau baridi. Mbeya, Makete na kingo za Ngorongoro mwezi wa Julai zinahitaji sweta na blanketi. Zaidi ya hayo, visiwa vyetu vimefanya kazi kubwa ya kuipunguza malaria, na wengi wa wanaoonekana na ugonjwa huo huwa wametoka safarini. Kulala ndani ya chandarua huko Bara, na kupimwa mara homa ikitokea baada ya kurejea, ni wajibu wa kila msafiri kwa jirani zake.

Wapo watakaosema kuwa haya ni anasa ya wenye nacho. Hatukubaliani nao kabisa, ingawa twakiri kuwa mshahara wa wengi ni mdogo, na kwamba mvuvi na mkulima hawapewi barua ya likizo na mtu yeyote. Lakini fedha zinazotumika kila mwaka kwa safari zisizopangwa, zikiwekwa kidogo kidogo kwa miaka miwili, zaweza kutoa safari moja ya maana. Mvuvi naye ana majira ambayo bahari humfungia, na mkulima ana miezi baada ya mavuno. Linalotakiwa ni kuijua tarehe mapema, kisha kuweka akiba kwa ajili yake.

Na hapo ndipo tunapowageukia wakuu wa afisi. Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005 inaitambua likizo ya mwaka yenye malipo kuwa haki ya mfanyakazi. Haki inayotolewa kwa kushtukiza imepunguzwa thamani yake. Hawezi kuweka akiba mtu asiyejua ataondoka lini. Hawezi kuungana na familia nyingine kukodi gari. Hawezi kuchagua kiangazi badala ya masika. Tumezoea kuilaumu tabia ya wafanyakazi ya kutopanga, na huku sisi wenyewe tumewanyang'anya kitu cha kupangia.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila afisi ya serikali na shirika ibandike orodha ya likizo mwezi wa Januari, na tarehe isibadilishwe ila kwa maandishi, kwa sababu iliyo wazi, na kwa taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Pili, malipo yanayoambatana na likizo, pale yanapostahiki, yamfikie mfanyakazi kabla hajaondoka. Fedha ya safari inayolipwa baada ya safari huishia kulipa madeni. Tatu, wenye vyombo vya baharini, reli na mabasi washirikiane kutoa ratiba moja kwa Kiswahili, ibandikwe katika bandari za Malindi, Wete na Mkoani, ili msafiri ajue boti ipi inawahi treni ipi. Nne, wizara zinazohusika na elimu zipange ziara za wanafunzi zinazovuka Dar es Salaam, na za wanafunzi wa Bara kuja visiwani, kwani Muungano wa mwaka 1964 hauwezi kujulikana kwa kusomwa vitabuni peke yake.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji kujenga jengo jipya. Orodha ya likizo ni karatasi moja na nidhamu ya kuiheshimu. Mkuu wa afisi anayedhani kuwa mfanyakazi aliyepumzika ni hasara, na amtazame yule aliyerejea kutoka katika likizo ya kubahatisha, jinsi anavyosinzia mezani.

Wahenga wa visiwa hivi wamesema kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hatuna wasiwasi kuwa atakayeyaona maji ya Ziwa Nyasa atausahau mchanga wa kwao. Atarejea. Tunalotaka ni kuwa siku atakapoulizwa na watoto wake Bara kukoje, awe na la kuwasimulia hadi taa izimwe.