Bei ya Gari Haimo Katika Mlinganyo

Katika viwanja vya majaribio vya watengenezaji wa magari, gari la kifahari lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne hupandishwa kilima cha zege, huinamishwa ubavu na kuvushwa dimbwi lenye kina kilichokwisha kupimwa. Mnunuzi hukabidhiwa usukani ajaribu mwenyewe, naye aghalabu hushuka ameridhika. Magari ya aina hiyo, ambayo Watanzania wameyaita mashangingi, hununuliwa pia kwa fedha za umma na kupelekwa kazini mahali kama Kasulu na Kibondo. Yafaa basi kuuliza: jaribio lile limethibitisha nini?

Kiwanja kina manufaa yake. Jaribio la kisayansi hutakiwa liweze kurudiwa katika hali ile ile, na zege halibadiliki kutoka gari moja hadi jingine. Lakini jibu lipatikanalo juu ya zege kavu ni jibu la zege kavu.

Gari lipandalo mlima huvutwa nyuma na sehemu ya uzito wake. Kinacholiwezesha kusonga mbele ni msuguano kati ya tairi na ardhi. Injini ikitoa kani kubwa kuliko inayoruhusiwa na msuguano huo, magurudumu huzunguka bure. Mwanafunzi akiandika mlinganyo wa jambo hili ataona kwamba uzito umo katika pande zote mbili, na kwa hiyo hufutika. Hubaki sharti moja: tanjenti ya pembe ya mlima isizidi kizigeu cha msuguano. Juu ya zege kavu kizigeu hicho hufikia 0.7 au zaidi, hivyo gari laweza kupanda mlima wa nyuzi 35. Juu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa huweza kushuka chini ya 0.3, na hapo hata nyuzi 17 huwa kikwazo. Bei ya gari haimo katika mlinganyo huo, wala viti vya ngozi.

Magurudumu manne yana faida ya kweli, kwani uzito wote wa gari hutumika katika kulisukuma, ilhali gari la kawaida hutumia takriban nusu tu. Lakini breki za magari yote hukamata magurudumu manne. Kwa hiyo dereva aliyepanda kwa urahisi hudhani atashuka kwa urahisi, kumbe katika mteremko hana faida hiyo tena. Gari lenye tani zaidi ya 2 likiacha njia, nishati yake huwa kubwa kuliko ya gari dogo lenye mwendo ule ule.

Katika nyanda za juu za Kigoma mvua hunyesha kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Lami imefika katika barabara kuu miaka ya karibuni, lakini njia nyingi za vijijini bado ni za udongo. Udongo huo ukilowa hujaza kashata za tairi, na tairi jipya likawa sawa na kipara. Ndizo njia anazopitishwa mama mjamzito usiku kupelekwa hospitali ya wilaya.

Kwa hiyo gari litakalofanya kazi Kibondo lijaribiwe Kibondo, wakati wa mvua, likiwa na mzigo wake, katika kupanda na katika kushuka, na matokeo yatangazwe kabla fedha hazijatolewa. Fedha zitakazookolewa kwa kuacha anasa zinunue tairi zifaazo, zifundishe madereva, na zichimbe mifereji ya kuondoa maji barabarani.

Shule nazo zaweza kuanza leo. Kipande cha tairi kuukuu kiwekwe juu ya ubao uliopakwa udongo wa barabara, na jiwe juu yake. Ubao uinuliwe polepole hadi kipande kianze kuteleza, kisha kimo cha ncha iliyoinuliwa kigawanywe kwa urefu wa kitako. Jibu ndilo kizigeu. Jaribio lirudiwe kwa udongo mkavu na uliolowa, kwa jiwe moja na kwa mawili. Wanafunzi wa Kasulu watakuwa na takwimu ambazo kiwanja cha mtengenezaji hakikuwapa, nao watajua la kumwuliza mwuzaji.