Acheni kusema kifafa si ugonjwa wa hospitali

"Huu si ugonjwa wa hospitali." Karibu kila mzazi wa mtoto mwenye kifafa ameshaambiwa hivyo. Husemwa kwa sauti ya chini, tena kwa mapenzi: na shangazi aliyekuja kujulia hali, na mama mkwe, na jirani mliyechota naye maji miaka yote. Mimi nimeambiwa na watu ninaowaheshimu, mwanangu akiwa amekaa pale pale anasikia. Naandika kusema kwamba maneno hayo ni ya uongo, kwamba yanaua, na kwamba tumeyavumilia mno kwa ajili ya adabu.

Yanaua hivi. Mtoto anaanguka kwa mara ya kwanza, anakakamaa, povu linamtoka. Kikao cha ukoo kinakaa usiku huo huo. Mbuzi anauzwa, safari ya kwa mganga inapangwa. Yanafuata mafusho, kombe, hirizi, kisha mkesha wa maombezi. Miezi inakatika na mtoto anaendelea kuanguka, na kila anapoanguka jiko la mafiga matatu liko karibu, kisima kiko karibu, mto uko karibu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mwenye kifafa yuko katika hatari ya kufa mapema inayofikia mara tatu ya wengine. Na yule ambaye tayari yuko kwenye vidonge huambiwa aviache kwanza "ili dawa ya kienyeji ishike". Huo ndio ushauri mbaya kuliko yote, kwa sababu dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta mfululizo wa kuanguka usiokatika, na mtoto akafa kabla gari halijapatikana.

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo, na kundi la seli hizo likilipuka kwa pamoja, mwili hukakamaa, au hutikisika, au mtoto huduwaa tu kijiko kikiwa mkononi. Vyanzo vingi tunaishi navyo. Uchungu uliochukua muda mrefu na mtoto akachelewa kulia. Malaria iliyopanda kichwani, ambayo watafiti wa Kilifi, Kenya, wameonyesha kwa miaka mingi jinsi inavyoacha kifafa nyuma yake. Homa ya uti wa mgongo. Ajali ya bodaboda. Mayai ya tegu ya nguruwe, yanayoingia mwilini kwa uchafu wa choo, na mabuu yake yakakaa ubongoni kama vifuko. Na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi, ambao wataalamu wanauhusisha na wingi wa kifafa katika maeneo kama Mahenge, Tanzania. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji mkunga, dawa, choo au kofia ya pikipiki. Sijaona ambacho kinahitaji kumtafuta jirani aliyeroga.

Anayedai kwamba hospitali haiwezi, aende akasome habari za Mahenge. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko, kwenye milima ya Ulanga. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wamejaa makovu ya moto, wanakula peke yao kwa sababu watu waliogopa mate yao. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, kidonge kilichojulikana tangu 1912 kwamba kinazuia kifafa. Mwaka 1992 yeye na daktari Mtanzania, H. T. Rwiza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 kwa miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wameacha kabisa kuanguka walipotibiwa, na wengi wa waliobaki walipata nafuu. Hayo yalitokea kijijini, kwa dawa za bei ndogo, bila mashine hata moja ya kupiga picha ya ubongo. Lakini ripoti hiyo hiyo ina upande mwingine: wagonjwa wengi walikufa kabla ya wakati wao, na sehemu kubwa ya vifo ilitokana na kifafa chenyewe, kwa kuzama, kwa moto, kwa kuanguka kusikokatika. Dawa iliyopo leo na kukosekana kesho haimlindi mtu.

Wanaotetea msemo huu wana hoja moja nzito. Wanasema: "Mbona vidonge amekunywa na bado anaanguka?" Swali hilo linastahili jibu kamili.

Mara nyingi mtoto hakunywa dawa iliyomfaa kwa kiasi kilichomfaa. Dozi ya mtoto ni kama sare ya shule: aliyoshonewa akiwa darasa la kwanza haimwenei akifika la tatu. Hupimwa kwa kilo, na kilo zikiongezeka lazima ipandishwe. Watoto wangapi wananyweshwa leo dozi waliyoandikiwa wakiwa bado wanabebwa mgongoni? Halafu kuna aina ya dawa. Kabamazepini humsaidia sana mtoto mmoja, lakini kwa yule anayeduwaa au anayerushwa mikono ghafla inaweza kuzidisha hali. Ndiyo maana daktari anahitaji kujua kuanguka kunaanzaje, upande gani, kwa muda gani, na ndiyo maana daftari la mzazi, au video ya simu, ina thamani kubwa kwenye chumba cha daktari. Na kuna siku zilizorukwa kwa sababu dawa iliisha na nauli haikuwepo. Ukijumlisha hayo, "vidonge vimeshindwa" maana yake mara nyingi ni kwamba tiba haijaanza sawasawa.

Hata hivyo, wapo watoto ambao kila kitu kimefanywa sawasawa na bado wanaanguka. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kifafa wako hivyo, na mwanangu ni mmoja wao. Nasema hili wazi ili asitokee wa kuniambia kwamba ninatetea hospitali kwa kuwa imeniponyea mtoto. Haijamponya. Lakini vipindi virefu vya kuanguka, ambavyo zamani vilimwacha hoi siku nzima, sasa ni vichache. Anasoma, anacheza, anagombana na dada yake. Hayo nimeyapata kwa daktari aliyebadilisha dawa, akaongeza ya pili, akapunguza iliyomlewesha, akaniita tena. Madaktari wana kanuni: dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa kwa kiasi sahihi zikishindwa, kifafa hicho ni sugu na mtoto apelekwe kwa bingwa. Kanuni hiyo inamsukuma mzazi mbele, kwenye hospitali kubwa zaidi, na msemo wetu unamrudisha nyuma.

Mbele kuna nini? Kuna mlo maalumu wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, uliobuniwa Marekani mwaka 1921 na bado unatumika, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe. Kuna upasuaji kwa mtoto ambaye umeme mbaya unatoka sehemu moja inayoweza kuondolewa bila kumdhuru. Kuna kanabidioli, dawa iliyosafishwa kutoka kwenye mmea wa bangi bila kile kinacholevya, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Haina uhusiano na kumpa mtoto moshi au majani ya kuchemsha. Nyingi ya tiba hizi ni ghali na ziko mbali na wengi wetu. Umbali huo ni sababu ya kuzidai, wala hauthibitishi kwamba waganga walikuwa sahihi.

Mwaka 1841 daktari mmoja wa Tonbridge, Uingereza, William James West, aliandika barua kwenye jarida la Lancet kuhusu mwanawe mwenyewe. Kichanga huyo alikuwa akiinamisha kichwa na kujikunja, mara nyingi mfululizo. Baba alijaribu yote ya zama zake: ruba, dawa za kuharisha, afyuni. Hakuna kilichofaa. Akaeleza kila alichokiona na kuwaomba wenzake msaada. Mtoto wake hakupona, lakini kutokana na maelezo yale ugonjwa ulitambulika, na mwaka 1958 tiba ya homoni ikaripotiwa kwamba inausaidia. Leo vidonge vya prednisoloni, ambavyo si ghali, vinaweza kuuzima vikianza mapema. Huku kwetu kichanga anayejikunja vile kila anapoamka husemwa ana chango, akapakwa dawa tumboni, na wiki zinazoamua akili yake zikapita.

Sipingi sala. Mimi mwenyewe humwombea mwanangu kila usiku, baada ya kumpa vidonge. Sina ugomvi na sheikh, mchungaji wala mzee wa mitishamba anayemwambia mzazi aendelee na dawa zake; mtu huyo anaokoa maisha na ninamshukuru. Ugomvi wangu ni na yeyote anayesema "ziache", na anayemtafuta mchawi kati ya bibi wazee wa kijiji wakati tegu limejaa kwenye choo cha wazi.

Na nina ugomvi na walioshika mafungu ya afya, kwa sababu msemo huu unanenepa kwenye rafu tupu. Mama anayefunga safari na mtoto mgongoni akaambiwa "dawa hakuna, njoo mwezi ujao" atarudi nyumbani akiwa ameshasadiki kwamba huu si ugonjwa wa hospitali. Nani atamlaumu? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu hadi saba katika kumi wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, na kwamba dawa za msingi zinaweza kupatikana kwa takriban dola 5 kwa mtu kwa mwaka. Hata hivyo katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba. Nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha mwaka 2022 mpango wa miaka kumi wa kulibadilisha hilo. Basi tuuone kwenye zahanati: fenobabitoni isiyokatika, mizani ya kupima kilo kila mtoto arudipo, diazepamu ya kupitisha njia ya haja kubwa kwa dharura, na muuguzi anayejua lini ampe mzazi rufaa.

Imani hubadilika dawa inapokaa. Katika Bagamoyo ya miaka ya 1990, wazazi wengi waliamini mtoto mwenye degedege kutokana na malaria akichomwa sindano atakufa. Tiba ya malaria ilipowasogelea, wengi wakaanza kuwakimbiza watoto kituoni. Hawakuhitaji kuchekwa wala kuhubiriwa. Walihitaji kuona mtoto wa jirani amerudi mzima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukimkuta mtoto ameanguka, mlaze ubavu, sogeza kilicho kigumu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, apelekwe hospitali mara moja. Na mama yake akikueleza kwamba dawa haijamsaidia, muulize mara ya mwisho mtoto alipimwa kilo lini na rufaa yake imefikia wapi. Kisha msindikize.