Tujue nani ana jamaa ndani ya City Hall, Nairobi

Kila anayeomba zabuni katika Kaunti ya Jiji la Nairobi, iwe ya kuzoa taka, kuziba mashimo ya barabarani au kuuzia Hospitali ya Mama Lucy glavu, hujaza fomu ya maelezo ya biashara yake. Humo mna swali ambalo halihitaji wakili kulifasiri: je, kuna mtu yeyote katika taasisi hii mwenye maslahi au uhusiano na kampuni yako? Kama yupo, taja jina lake, cheo chake na uhusiano wenyewe. Kisha linafuata jedwali la maswali makali zaidi. Je, unadhibitiwa na kampuni nyingine inayoshindania zabuni hii hii? Ulishiriki kuandaa vipimo vya kazi unayoiomba? Una undugu au biashara na afisa aliyeitayarisha zabuni, atakayeitathmini, au atakayesimamia kazi ikishaanza?

Aliyeyatunga maswali hayo aliijua kazi yake. Kilichobaki ni kujua yanajibiwaje, na hapo ndipo mlipa ushuru anafungiwa mlango. Fomu yenyewe imeitwa ya siri tangu kichwani. Mwombaji anaweza kuandika “hapana” kutoka juu hadi chini, akagonga muhuri wa kampuni, akatia saini, na karatasi ikaishia kwenye faili ambayo mwananchi wa Kayole au Kawangware hataiona kamwe. Diwani anayemwakilisha haioni. Mshindani aliyeshindwa haioni, ingawa sheria inampa siku 14 tu za kukata rufaa kwa bodi ya kusikiza malalamishi ya zabuni.

Msimamo wa gazeti hili ni kwamba fomu hizo zichapishwe kabla kandarasi haijatiwa saini, na anayebainika kudanganya ndani yake apokonywe kazi.

Asitokee mtu wa kutuambia kwamba tunahitaji sheria mpya. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, katika kifungu cha 66, inamkataza mtumishi mwenye maslahi kushiriki mchakato wa zabuni, kufanya uamuzi wowote kuihusu baada ya kandarasi kutolewa, na hata kuwa mkandarasi mdogo chini ya mshindi. Kandarasi iliyopatikana kwa njia hiyo inaweza kubatilishwa. Kifungu cha 41 kinaruhusu kampuni korofi kufungiwa nje ya zabuni zote za serikali kwa muda usiopungua miaka 3. Juu ya hayo, mnamo Julai 30, 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi baada ya kuurudisha mswada huo bungeni, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) ikakabidhiwa jukumu la kuisimamia. Hata kuchapisha si jambo geni: mnamo Juni 2018, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza taasisi zote za umma zitangaze zabuni zilizotolewa pamoja na majina ya wakurugenzi wa kampuni zilizoshinda. Magavana wakati huo walikuwa madarakani. Walilisikia agizo.

Anayedhani tunapiga kelele kwa jambo dogo na aitazame Kiambu. Mnamo Februari 2025, mahakama ya kesi za ufisadi Milimani ilimpata aliyekuwa gavana wa kaunti hiyo, Ferdinand Waititu, na hatia kuhusiana na zabuni ya barabara ya Sh588 milioni. Mahakama iliridhika kwamba Sh25.6 milioni zilitoka kwa mkandarasi zikamfikia gavana kupitia kampuni zinazohusishwa naye. Alitozwa faini ya Sh53.5 milioni au afungwe jela miaka 12; mkewe naye alipatikana na hatia. Waititu amekata rufaa, na hiyo ni haki yake.

Sisi tunaitazama kalenda. Zabuni ilitolewa 2018. Gavana alitimuliwa na Seneti Januari 2020. Hukumu ilisomwa 2025. Miaka 7 ya kufukua taarifa za benki, kuita mashahidi na kuahirisha vikao, ili tu kuthibitisha kwamba anayetoa kazi na anayepewa kazi walikuwa na mkono mmoja mfukoni. Fomu peke yake isingeuzuia wizi wa namna hiyo, kwa sababu mwenye nia mbaya hajianiki. Lakini ingekuwa imeacha uongo wenye saini na tarehe. Kufuata nyayo za pesa kutoka akaunti hadi akaunti ni kazi ya miaka. Kuonyesha kwamba mtu aliandika “hapana” palipostahili “ndiyo” ni kazi ya asubuhi moja. Uongo huo ungetosha kuivunja kandarasi lami ikiwa bado haijamwagwa.

Na mgongano wa maslahi hauishii siku ya kufungua bahasha. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha kwamba Nairobi inadaiwa zaidi ya Sh80 bilioni na wanakandarasi na wauzaji, deni kubwa kuliko la kaunti nyingine yoyote, na linalozidi maradufu ya makusanyo yake ya mwaka kutoka kwa wakazi. Kwenye foleni ya urefu huo, kuwa na mtu ndani kuna faida kubwa zaidi wakati wa kulipwa kuliko wakati wa kupewa kazi. Nani anayeamua vocha ya nani itoke juu ya rundo? Mama aliyekopa benki ili auze vyakula, akamaliza kazi yake akaleta stakabadhi zote, anazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka dalali anafika mlangoni kwake. Jirani yake aliyefikisha mzigo miezi mingi baada yake amelipwa. Akiuliza sababu anaambiwa mfumo una hitilafu. Kwa hivyo hatutosheki na fomu inayojazwa mara moja wakati wa kuomba kazi. Maafisa huhamishwa, hupandishwa vyeo, huoa na kuolewa. Tamko la uhusiano lijazwe upya kila malipo yanapoidhinishwa, na idara ya fedha ihusishwe kama inavyohusishwa ile ya ununuzi.

Kuna pengo jingine ambalo wanasiasa wanalijua kuliko wanavyokiri. Sheria ya 2015 inapotaja jamaa, inamaanisha mume au mke, mtoto, mzazi, ndugu, na hao hao wa upande wa mke au mume. Binamu hayumo. Mpwa hayumo. Wala hayumo mtu aliyelipia helikopta, fulana na mafuta ya magari wakati wa kampeni, naye huyo kwa ukweli ana haki za ukoo kuliko shemeji yeyote. Sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ilipitishwa 2013 na haijawahi kutekelezwa, kwa sababu bunge halijaruhusu kanuni zake zifanye kazi. Tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027. Wafadhili wanatafutwa sasa hivi, na si kwa mapenzi ya demokrasia. Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma ndiyo inayotoa hati sanifu za zabuni, hivyo iongeze swali moja: je, wewe, mkurugenzi wako au kampuni yako mlimchangia pesa au mali mgombea yeyote aliyeshinda wadhifa katika kaunti hii? Kuchanga hakukatazwi. Kutoza riba kupitia zabuni ndiko tunakotaka kuone mwanga.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Wafanyabiashara watasema siri zao zinaanikwa. Bei na mbinu za kazi ni siri za biashara, tunakubali, zibaki ndani ya bahasha. Kwamba mkurugenzi ni dada wa naibu wa idara si siri ya biashara. Maafisa nao watasema kazi itacheleweshwa. Kulinganisha majina ya wakurugenzi na orodha ya mishahara ya kaunti ni kazi ya kompyuta moja na karani aliye makini. Kampuni nazo tayari zinatakiwa kumpa Msajili wa Kampuni majina ya wamiliki wao halisi, kuanzia mwenye 10% ya hisa. Mwerevu atagawa hisa kwa 9% kati ya wapwa zake, ndiyo, lakini kanuni hizo hizo zinamgusa pia anayeidhibiti kampuni bila hisa. Kaunti iulize.

Wapo watakaojificha nyuma ya mfumo wa kielektroniki wa ununuzi, ambao serikali ya kitaifa iliusukuma 2025 na mvutano wake na magavana ukafika mahakamani. Hoja za ugatuzi hatuzibezi. Ila kuchapisha fomu hakuhitaji mfumo huo, kunahitaji mashine ya kunakili na tovuti ambayo kaunti tayari inayo. Katika jimbo la Texas, Marekani, sheria ya 2005 inampa muuzaji siku 7 za kazi, tangu aanze mazungumzo ya kandarasi na jiji, kutangaza kwa maandishi uhusiano wake na viongozi wa jiji hilo, na jiji lenye tovuti linapaswa kuziweka fomu hizo mtandaoni. Hata zawadi zinazozidi dola 100 kwa mwaka zinahesabiwa. Texas haina malaika, na wala hatuipendekezi kama pepo. Lakini mkazi wa huko akitaka kujua nani ni nani katika biashara ya jiji lake, anafungua ukurasa na kusoma.

Kuwa na ndugu anayelipwa mshahara na kaunti si dhambi katika jiji ambalo kila ukoo una mtu wake serikalini. Kumficha ndiko kosa, na afisa anayejua akanyamaza ana hatia sawa na aliyeficha. Gavana wa Nairobi na aagize fomu za zabuni zote zilizotolewa mwaka huu wa fedha ziwekwe hadharani kabla mwaka huo haujafungwa Juni 30. Bunge la kaunti lidai orodha ya kampuni zilizolipwa, na tarehe kila moja ilipofikisha bidhaa. EACC ianze na zile zilizolipwa haraka kupita kiasi.