Mheshimiwa, maneno hayo si ungeyasemea Dodoma?

Wale mlioniletea maswali ya mchumba anayeomba nauli ya kurudi kila akija kukuona, vuteni subira, zamu yenu inakuja. Wiki hii nina neno na waheshimiwa wabunge, maana juzi kijiweni Mwananyamala ulizuka ubishi nusura kahawa imwagike.

Chanzo ni jamaa mmoja aliyetamba kwamba wakati wa korona wabunge wetu hawakufanya lolote zaidi ya kusinzia. Mwenzake akamrukia: "We vipi, wa Kawe si aliongea mpaka akafungiwa?" Basi hapo kasheshe ikaanza. Kumbe wengi pale kijiweni walidhani mheshimiwa yule alifungiwa kwa sababu ya mchango alioutoa bungeni. Wapi! Ndiyo maana nimeona niiweke sawa.

Turudi nyuma kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Mnakumbuka mtaa ulivyokuwa? Kila duka na ndoo yake ya maji mlangoni, daladala zikawa "level siti", jambo ambalo kwa mtu wa Mbagala lilikuwa muujiza kabisa. Limao likapanda chati. Mafundi cherehani wa Temeke waliokosa nguo za harusi wakashona barakoa za vitenge. Ukipita uchochoroni jioni unasikia harufu ya nyungu, mtu yuko ndani ya blanketi anatoka jasho kama mbeba mizigo wa Kariakoo.

Dodoma nako hakukuwa shwari. Bunge la bajeti liliendelea, ila wabunge wakatawanywa ili wasibanane ukumbini. Kati ya Aprili 20 na Mei 1, 2020, Bunge lilipoteza wabunge watatu: Dk. Getrude Rwakatare, ambaye watu wa Mikocheni walimjua kwa kanisa lake, Richard Ndassa wa Sumve, na Balozi Augustine Mahiga aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Vifo hivyo havikutangazwa kuwa vya korona, lakini wewe jiweke pale ukumbini, majirani zako watatu wanaondoka ndani ya siku kumi na mbili, ungekaa unachangia hoja kwa raha?

Freeman Mbowe akawaambia wabunge wote wa CHADEMA watoke, wakae karantini siku 14. Spika wa wakati huo, hayati Job Ndugai, akawaita watoro na kutaka warudishe posho. Na mbunge wa Kawe mwaka huo alikuwa nani? Halima Mdee, wa chama hicho hicho. Hebu shika hapo, nitarudi.

Takwimu nazo zikakatika. Mara ya mwisho mwezi Mei 2020 tulibaki na wagonjwa 509 na vifo 21, basi, kimya. Oktoba ukaja uchaguzi, na Kawe ikapata mbunge mpya, Askofu Josephat Gwajima wa CCM, mtu wa maneno hasa. Kwa kipaji cha kuongea sina ubishi naye, anaweza kukusimulia habari ya mwiko na sufuria ukasahau kushuka kituo chako.

Sasa ndiyo utamu unapoanza. Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Februari Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, akasema wizara haina mpango wa kuleta chanjo, na mbele ya waandishi akaonyesha jinsi ya kusaga tangawizi, vitunguu na malimao. Ndiyo, wote wawili ni Gwajima, na ya undugu tuwaachie wenyewe. Machi 17 Magufuli akafariki. Julai 28, 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, na zaidi ya dozi milioni moja za Johnson & Johnson zilikuwa zimekwishatua. Waziri akageuka na serikali yake. Askofu hakugeuka. Akasimama kanisani kwake akawaambia waumini yeye hachanji, akahoji usalama wa sindano ile na nia ya wanaoipigia debe. Waziri Gwajima akaagiza Mheshimiwa Gwajima akamatwe na kuhojiwa. Mtaani watu wakachanganyikiwa: Gwajima yupi kasema chanja, na yupi kasema usichanje?

Mimi nilichanja, na ninaamini askofu alikosea, chanjo ile iliokoa roho za watu. Lakini kuhoji si dhambi. Mtu aliyeambiwa Februari chanjo hazina maana, halafu Julai akaambiwa panga foleni, ana haki ya kuuliza kulikoni. Kinachoniuma ni kwamba swali lile liliulizwa mahali ambapo hakuna wa kulijibu. Kanisani askofu akisema, jibu ni "Amina!" Bungeni, waziri mwenye jina kama lake angekuwa ameketi pale pale. Mbunge mwingine angesimama na "taarifa, Mheshimiwa Spika". Angetakiwa alete uthibitisho au afute kauli. Na maneno yote yangeingia kwenye Hansard, mpaka leo tungeyasoma, nani alisema nini na nani alijibu nini.

Tena angekuwa salama zaidi. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, kwamba anayosema mbunge mle hayahojiwi mahakamani wala nje ya Bunge. Ukumbi una ngao. Madhabahu haina, wala kijiwe chetu hakina.

Kilichofuata mnakijua. Agosti 2021 akaitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, wiki moja na Jerry Silaa wa Ukonga aliyesema kodi haikatwi kwenye mishahara ya wabunge. Agosti 31 Bunge likaamua: wote wawili nje, mikutano miwili. Bunge hukutana mara nne kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe.

Wenzetu Kenya wana Seneti, na mwaka 2020 seneta wa Nairobi, Johnson Sakaja, ndiye aliyeongoza kamati ya Seneti ya kushughulikia korona. Bwana yule akichangia hoja humo ndani unampigia makofi. Julai akakutwa baa ya Kilimani usiku, muda wa marufuku ya kutoka umepita. Mahakamani akakiri, akalipa faini ya Sh15,000 ya kwao, uenyekiti akauachia. Lakini angalau kiti chake cha useneta hakikubaki tupu, watu wa Nairobi waliendelea kuwa na mtu wa kuwasemea.

Sasa nirudi pale nilipokwambia ushike. Ndani ya janga lile lile, Kawe ilikosa sauti mara mbili. Kwanza kwa agizo la chama cha upinzani, halafu kwa adhabu ya Bunge lililojaa CCM. Watu wa Bunju, Mabwepande na Kunduchi hawakuulizwa mara zote mbili. Aliyekosea adhabu yake angeweza kupewa yeye, kwenye posho, kwenye jina, popote. Kiti si chake, ni cha waliopanga foleni ya kura.

Kijiweni nilipowaeleza haya wakanyamaza kidogo. Kisha dogo mmoja wa bodaboda, mkazi wa Bunju, akauliza: "Sasa bro, hiyo mikutano miwili, barabara yetu aliiulizia nani?"

Muuza kahawa akamwongezea kikombe, hakuna aliyemjibu. Tukutane wiki ijayo, na yule wa mchumba wa nauli ajiandae.